Draya Iliyokataa Kuachwa

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka mkuukuu, umechakaa pembeni na nyuzi zake zimelegea, lakini ndio unaoulalia kila siku. Msala ni mkeka mzuri wa kuswalia, nao unapita mbele yako begani mwa mtu mwingine huku rangi zake zikikuita. Maana yake ni kwamba mtu asikitupe kidogo alicho nacho kwa kutamani kizuri ambacho bado hakijatua mkononi mwake. Methali hii ni nyepesi kuitamka. Asabi aliielewa kwa ncha za vidole vyake, katika msimu mmoja wa vumbi huko Ibadan.

Asabi alikuwa mwanagenzi wa ususi katika saluni ya Madam Omotayo, mtaani Mokola. Alikuwa msichana mkimya, mwenye mikono myepesi. Wateja walimpenda kwa sababu alisuka bila kuvuta, na kwa sababu hakuuliza habari za waume zao. Alikuwa ameanza kazi hiyo akiwa na mama yake, akaelekea kuimaliza bila yeye. Mama yake, Alake, alikuwa amefariki vumbi la mwaka uliotangulia lilipokuwa likianza kutanda juu ya mabati yenye kutu ya mji ule.

Siku mwanagenzi anapohitimu, watu wa huko huiita siku ya uhuru. Hupikwa wali mwekundu kwenye masufuria makubwa, hufungwa turubali, na ndugu hushona nguo za kitambaa kimoja. Lakini hayo yote ni mapambo. Kiini cha uhuru ni vyombo. Mwanagenzi hupanga juu ya kitambaa cheupe vitana vyake, mikasi yake na vibanio vyake, na kando ya meza husimamisha draya yake, ile mashine ndefu ya kukaushia nywele yenye kofia kubwa. Madam huviombea vyombo kimoja kimoja mbele ya chama cha wasusi. Halafu huketi chini ya draya, mwanagenzi humshushia kofia kichwani, na hapo Madam huwa mteja wake wa kwanza. Asiye na draya hana mteja wa kwanza, na asiye na mteja wa kwanza hubaki akifagia nywele za wenzake hadi uhuru wa mwaka mwingine.

Asabi alikuwa na draya. Ilikuwa ya mama yake.

Alikuwa amelelewa chini ya mashine hiyo. Alipokuwa mtoto mchanga alilala mgongoni mwa mama yake, na mvumo wa draya ndio uliombembeleza. Alipoanza shule alifanyia hesabu zake kwenye kigoda kando yake, hewa ya moto yenye harufu ya mafuta ya nywele ikimpuliza shavuni. Kofia ilipokuwa ikishushwa, bawaba yake ililia: kwiii, kisha tap. Mama yake alipaka mafuta bawaba zote za nyumba isipokuwa hiyo moja. "Mteja lazima asikie mlango wake umefungwa," alikuwa akisema, "ndipo atajua sasa yuko peke yake na anaweza kupumzika." Ubavuni mwa kofia alikuwa amebandika kibandiko cha ua jekundu, ambacho hakuna aliyejua alikitoa wapi.

Siku hizo kofia ilikuwa nyeupe. Miaka ilipita, jua la barazani likaigeuza rangi, ikawa ya njano iliyokolea, kama meno ya mvuta tumbako. Mpini wa kuishushia, uliokuwa umevikwa mpira laini mweusi, ulianza kunata. Mwanzoni ulinata kidogo tu, kama mkono wa mtoto aliyekula embe. Baadaye ukawa ulimbo.

Wiki chache kabla ya uhuru, Madam Omotayo aliwaagiza wanagenzi walete vyombo vyao avikague. Siku hiyo yeye mwenyewe aliitwa msibani, kwa hiyo vyombo vilikaguliwa na macho ya wenzao tu. Yewande, ambaye walianza kazi pamoja, alikuwa na draya mpya iliyokuwa bado imevishwa nailoni. Alizunguka draya ya Asabi kama daktari anayemzunguka mgonjwa.

"Asabi, hii ina homa ya manjano."

Wasichana wakacheka.

"Mteja akiingia humu atatoka na macho ya njano," Yewande aliendelea. Akaugusa mpini, akaurudisha mkono haraka. "Mama yangu wee. Na inatokwa jasho. Mpeleke hospitali mapema."

"Inafanya kazi," Asabi alisema kwa sauti ndogo.

"Hata bibi yangu anafanya kazi. Lakini hatumpeleki kwenye mashindano ya urembo."

Asabi alicheka pamoja nao, kwa sababu kutocheka kungekuwa kubaya zaidi. Jioni aliisukuma draya hadi nyumbani, akiwa ameifunika kofia yake kwa kanga ya mama yake ili majirani wasiione.

Alikata shauri aitibu. Mama yake alikuwa na dawa moja kwa matatizo yote, nayo ilikuwa mafuta ya shea, yale mazito yanayokamuliwa kwenye kokwa za mti. Kitovu cha mtoto, shea. Visigino vilivyopasuka, shea. Goti la jirani, bawaba ya mlango, ngoma ya kanisani iliyokauka, shea. Hakuna mtu aliyelelewa katika nyumba ile ambaye angefikiria dawa nyingine. Asabi alichota donge zima, akaupaka mpini, akausugua kwa upendo kama anayemkanda mama mzazi, kisha akauacha unywe mafuta usiku kucha.

Asubuhi mpini ulikuwa umeyeyuka. Kumbe mpira ule uliozeeka ulikuwa unalainika kwa kuumwa, si kwa kukauka, na mafuta yalikuwa yameuongezea maradhi. Kitambaa alichoufutia kilibaki kimegandamana nao, na alipokivuta kilitoka na nyuzi nyeusi ndefu kama za bamia iliyokorogwa. Asabi aliketi kwenye kigoda chake cha zamani akalia.

Ndipo kaka yake, Kolapo, alipopiga simu kutoka Lagos. Kolapo alikuwa mtu mwema mwenye kasoro moja: aliahidi kwa moyo kabla ya kuuliza mfuko.

"Mdogo wangu, unalia kwa sababu ya draya? Mimi ni nani?"

"Wewe ni kaka Kolapo."

"Basi sikiliza. Nimeiona moja dukani huku. Nyeupe pe. Ina taa za buluu. Ukiiwasha utadhani ndege inataka kuruka."

"Umeinunua?"

"Ni kama nimeinunua. Nimeongea na mwenye duka, ananijua. Siku ya uhuru nakuja nayo. Wewe hilo la zamani mpe mtu wa kondemu mapema, lisije likakuaibisha mbele ya chama."

"Ni ya mama, kaka."

"Mama mwenyewe angetaka uwe na mpya," alisema.

Maneno hayo yalimwingia. Usiku ule Asabi aliota taa za buluu.

Kondemu ni neno la mitaani huko. Watu wanaonunua vyuma na mashine zilizokufa hupita na mikokoteni yao wakiliimba: kondemu friji, kondemu feni, kondemu betri. Maana yake ni kitu kilichokwisha kuhukumiwa. Asubuhi ya Jumamosi mmoja wao, mtu wa makamo aitwaye Sani, alipita akiimba, na Asabi akafungua mlango kabla moyo wake haujabadilika.

"Ni hii," alisema bila kuitazama.

Sani aliipima kwa macho. "Mota inazunguka?"

"Inazunguka."

"Basi haijafa, inaumwa tu. Lakini nitaichukua." Aliushika mpini kwa mkono mmoja na mguu wa draya kwa mwingine, akainua. Kofia ikashuka yenyewe: kwiii, kisha tap.

Asabi alishtuka kama aliyeitwa jina.

Sani aliitua draya mkokotenini, akataka kuondoa mkono. Mkono haukuondoka. Akavuta, draya nzima ikamfuata. Akaivuta tena, akaiegemeza kwa goti, na kiganja chake kikabanduka polepole kikiwa kimejaa weusi. Alikitazama kiganja, akamtazama Asabi.

"Dada, mimi nimebeba friji. Nimebeba injini ya lori. Hakuna hata moja iliyowahi kunishika mkono."

"Samahani. Niliipaka shea."

"Ulipaka mashine mafuta ya shea?"

"Ndiyo."

"Ili iolewe?"

Asabi alicheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. Sani aliacha kutabasamu. Alijifuta mkono kwa mchanga, akasubiri, kisha akasema kwa upole, "Kwetu mgeni akishikwa mkono mlangoni, huwa bado kuna neno. Niishushe?"

"Ishushe, kaka. Nisamehe kwa kukusumbua."

"Hunisumbui. Ila siku ukiamua tena, utaipakia wewe." Akaondoka akiimba wimbo wake, mkono mmoja akiunyoosha mbali na nguo.

Asabi aliirudisha draya barazani. Hakuwa ameamua kuikarabati. Alikuwa ameshindwa tu kuitoa. Moyoni bado alizingoja taa za buluu. Mtu huweza kuukunja mbacha wake bila kuutupa, huku jicho likiwa njiani.

Siku mbili tatu baadaye jirani alikuja atiwe nywele rangi ya dhahabu kwa ajili ya harusi. Asabi alimhudumia palepale barazani. Aliichanganya ile krimu nyeupe inayotoa weusi wa nywele, na alipokuwa akigeuka tone moja likadondoka juu ya kofia ya draya, iliyokuwa juani. Hakuliona. Aliliona jirani alipokwisha kuondoka, na alipolifuta, chini yake palikuwa na doa jeupe, kubwa kiasi cha kucha ya dole gumba. Si jeupe la rangi iliyopakwa. Lilikuwa jeupe la zamani, lile la utotoni mwake.

Alibaki amelikodolea macho. Kumbe weupe haukuwa umekwenda popote.

Kesho yake, baada ya kazi za asubuhi, aliichomoa draya kwenye umeme, akafungua skrubu, akaitoa kofia peke yake. Aliipaka krimu kwa brashi ya nywele, akaizunguka kwa uangalifu asiguse ua jekundu, akaiweka juani. Mwalimu wake alikuwa lile tone, na tone halikuwa limemweleza yote. Jua la msimu wa vumbi lilikausha krimu upande mmoja kabla ya mwingine, na jioni kofia ilitoka na mistari, mmoja mweupe, mmoja wa njano.

Iya Sikira, yaani Mama Sikira, mwanamke anayeuza dawa za mitishamba kwenye chupa, alikuwa akipita na sinia lake kichwani. Alikuwa shoga wa marehemu mama yake, na sauti yake ilifika kabla yake.

"Asabi, siku hizi unafuga pundamilia?"

Asabi alipiga magoti kumwamkia, kama msichana mwenye adabu anavyopaswa. "Shikamoo, Iya Sikira. Ni kofia ya draya ya mama."

"Najua ni ya nani. Nimelala humo zaidi ya nilivyolala kwa mume wangu." Alitua sinia, akaketi. "Unapika jambo gani?"

Asabi alimweleza. Iya Sikira alisikiliza akiwa amefumba jicho moja. "Wewe ni msusi," alisema mwishowe. "Mteja akitiwa dawa kichwani, unamwacha akauke upande?"

"Hapana. Namfunika nailoni."

"Basi."

Asabi aliona aibu, halafu akaona furaha. Jambo alilomfanyia kila mteja hakuwa amefikiria kuifanyia draya. Alipaka krimu upya, nene, akaifunga kofia kwa nailoni ikabana kama kichwa cha bibi harusi, na siku hiyo na zilizofuata aliigeuza kulifuata jua, akiongeza krimu kabla haijakauka. Glavu yake ilitoboka na ncha za vidole zikawa nyeupe na kuwasha kama zimeumwa na siafu. Hakuacha. Njano ilijitoa kidogo kidogo, kama ukungu unavyojitoa kwenye vilima vya mji ule, mpaka kofia ikawa nyeupe kama unga wa muhogo.

Ukabaki mpini. Iya Sikira alirudi kutazama, akaegemea, akashikwa.

"Yarabi. Nani kaweka ulimbo hapa? Mnatega ndege?"

Alijifuta kwa kitambaa alichokuwa akifutia chupa zake, kitambaa kilichokuwa kimelowa gongo, ile pombe kali anayolowekea mizizi. Alipokuwa anajifuta, kitambaa kikagusa mpini, na mahali kilipogusa weusi ule ukatoka mzima, chini yake pakaonekana plastiki ngumu, baridi, inayong'aa. Wote wawili walitazamana.

"Hata mpira ukionja hiki huachia siri," Iya Sikira alisema. "Usimwambie mchungaji wako." Alimimina kwenye kichupa, akampa. "Mama yako alikuwa ananirudishia chupa. Nawe utanirudishia."

Asabi alisugua kwa vitambaa vya kanga chakavu, akitupa kimoja kila kilipojaa weusi, mpaka ulimbo wote ukaisha. Mwisho alipitisha poda ya watoto, akaufuta mpini, akaushika. Ukamwachia mkono. Alirudisha kofia mahali pake na kukaza skrubu. Alipofika kwenye bawaba alilitazama kopo la mafuta ya shea, akalisogeza mbali.

Usiku wa kuamkia uhuru, Kolapo alipiga simu. Sauti yake ilikuwa imenywea kama puto la juzi.

"Asabi. Ile draya imechukuliwa. Mtu amekuja na fedha zake mkononi, mwenye duka hakuningoja." Alikohoa. "Ile ya mama ulishaitoa?"

"Ilibaki kidogo."

"Ilibaki kidogo maana yake nini? Mdogo wangu, nimekuharibia?"

Asabi aligusa ncha za vidole vyake zilizobabuka. Angeweza kumchoma kwa neno moja, lakini hakulitafuta. "Njoo kesho kaka," alisema. "Njoo uone mwenyewe."

Siku ya uhuru turubali lilijaa. Chama cha wasusi kilikaa mbele na vilemba vyao vikubwa kama matanga. Yewande alitangulia. Draya yake ilikuwa nzuri, na hakuna aliyesema vinginevyo. Kisha akaitwa Asabi. Alipanga vitana, mikasi na vibanio juu ya kitambaa cheupe, halafu akaisukuma mbele draya.

Minong'ono ikapita. Yewande alisogea, akainama. "Umenunua?" alinong'ona.

"Ni ileile."

"Nani? Yule mgonjwa?" Yewande alilitazama ua jekundu ubavuni, akarudi mahali pake.

Madam Omotayo aliviombea vyombo kimoja kimoja. Alipofika kwenye draya aliweka kiganja juu ya kofia, akakiacha pale kwa muda, akionekana kutafuta jambo asilokumbuka. Kisha akaketi, akavua kilemba. Asabi alishika mpini. Mpini ulikuwa mkavu na imara. Akashusha.

Kwiii, kisha tap.

Madam aliinua uso ghafla. "Alake," alisema.

Madam Omotayo na Alake walikuwa wamejifunza kazi pamoja wakiwa wasichana, na siku Alake alipoinunua draya hiyo ikiwa mpya, kichwa cha kwanza kuingia humo kilikuwa cha Omotayo. Hilo Asabi hakulijua. Mama yake hakuwahi kulisema, na Madam, kwa desturi ya kutopendelea mwanagenzi, naye alikuwa amelinyamazia.

"Nilimwambia kila mara atie mafuta bawaba hii," Madam alisema kutoka ndani ya kofia. "Mbishi yule. Washa, mwanangu."

Asabi akawasha. Mvumo ule wa zamani ukajaa chini ya turubali, na harufu ya hewa ya moto ikampuliza shavuni. Desturi ilikuwa Madam akae kidogo tu kisha ainuke. Hakuinuka. Alifumba macho. Wali ulipoa, wapishi wakatazamana, katibu wa chama akatazama saa, na bado Madam alikuwa ameketi, machozi yakimshuka yakikaushwa na hewa kabla hayajafika kidevuni. Alipoinua mkono kofia ipandishwe, alisema maneno ya uhuru kwa sauti iliyokwaruza:

"Nywele zangu zimekauka. Huyu si mwanagenzi tena."

Iya Sikira alikuwa wa kwanza kupiga vigelegele, na wa kwanza kumkumbusha Asabi kuhusu kichupa chake. Yewande alimsubiri mpaka watu walipopungua. "Yangu ikizeeka," alisema akitazama chini, "utanifanyia?"

"Ilete tu. Lakini usiipake shea."

Kolapo alifika kwa kuchelewa, kama mabasi ya Lagos yalivyo, mikononi akiwa na mkate tu. Alisimama mbele ya draya muda mrefu. Alipandisha kofia, akaishusha, akasikia ile kwiii, akajitazama kiganja. Kilikuwa safi. Aligusa ukingo wa kibandiko cha ua jekundu, palipobaki utepe mwembamba wa njano ambao krimu haikufika.

"Hapa hukumaliza," alisema.

"Hapo nimepaacha."

Kolapo akaitikia kwa kichwa polepole, akaweka mkate juu ya meza yenye kitambaa cheupe, pembeni mwa vitana. Mahali fulani Lagos draya yenye taa za buluu ilikuwa ikiwaka katika nyumba ya mtu mwingine, kama msala uliokwisha kupita begani mwa mwenyewe. Hapa Mokola, draya kuukuu ya Alake ilikuwa imesimama kwa mguu wake, na mteja wa pili alikuwa ameshavua kilemba akingoja zamu. Hakika, usiache mbachao kwa msala upitao.